Watoto wa Batibuluu: Jando la Masika

"Usiniite jina hilo!"

Hayo ndiyo maneno yaliyotoka nyuma ya uzio wa waya, na mliokaa wiki nzima mkigombana vibarazani kama aliyeyasema ni mtu au jini, basi nyamazeni. Alikuwa mtu. Alikuwa Sufo!

Ndiyo, Sufo yule yule ambaye shangazi yake, Zubeida, amemtafuta tangu aliporudi kutoka ukimbizini Mtwara. Yule ambaye Kituo cha Watoto, lile jumba la bati la buluu ambalo sisi watu wa Mnunguni tunaliita Batibuluu, kilisema hakimjui. Alikuwa hapa hapa mjini, kwenye uwanja nyuma ya ghala la zamani la korosho, amefungiwa na wavulana wenzake, wakingoja lori la kuwapeleka Refo.

Refo mnaijua, ile jela ya vijana. Huko kusini, waya juu ya waya. Mtoto anaingia na jina, anatoka na namba. Wengine hatujawaona wakitoka.

Mkono wake ulikuwa umepenya kwenye waya, umeishika kanga ya Zubeida, hauachii.

"Sufo, mwanangu!"

"Shangazi, nakuomba. Si mbele ya wenzangu. Mimi Rachide. Sufo alibaki kumbini."

Zubeida akaushika mkono ule. Sasa akaelewa. Kijana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na la utotoni huungua pamoja na kumbi, lile banda la jando, siku linapochomwa moto. Ukimwita kwa lile la zamani, umemtukana mbele ya watu. Yeye akiliitikia, amejirudisha mwenyewe kuwa msungo, mtu asiyefundwa.

Kila Ijumaa alikwenda kwenye geti la Batibuluu kumwulizia Sufo. Kila Ijumaa wakamjibu, "Mama, hapa hatuna Sufo." Na hawakusema uongo! Sufo hakuwapo. Alikuwapo Rachide.

"Waliniambia umekufa," kijana akasema. "Boti lenu lilizama mkivuka Ruvuma."

"Unaniona nimekufa?"

Akamtazama juu mpaka chini. "Umekonda."

Zubeida alicheka na machozi yakamtoka hapo hapo. "Nani alikwambia nimekufa?"

"Kungwi wangu. Aliyetuingiza kumbini."

"Ana jina huyo kungwi?"

Kijana alinyoosha kidevu tu, kuelekea nyuma ya shangazi yake.

Zubeida akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa Suleimane, mlinzi wa geti la Batibuluu. Suleimane mpole! Suleimane aliyemwonea huruma, akampakia kwenye pikipiki yake asubuhi ile na kumleta hapa bila kutaka hata shukrani. Alikuwa amesimama na kikapu cha chakula mkononi, anatazama viatu vyake.

Wiki iliyopita mlimsifu. Na mimi nilimsifu.

"Umefanya nini mpaka ukaletwa hapa?" Zubeida akauliza kwa sauti ya chini, jicho lake moja likiwa kwa mlinzi.

"Wanasema nimeiba baiskeli ya diretor, mkuu wa kituo."

"Uliiba?"

"Niliipanda! Nilitaka kufika Mocímboa niulize kama kuna mtu wetu aliyebaki hai. Nikafika kwenye daraja lililovunjika, nikarudi. Nikaiegemeza pale pale ilipokuwa, shangazi. Na upepo wake kwenye tairi."

"Na kwa hilo Refo?"

"Wanasema kule porini nilipeleka habari kwa wale watu wa bunduki."

Hapo simameni kidogo, wasomaji. Mtoto wa serikali akitoroka Batibuluu, wakubwa watauliza: mlikuwa mnalinda nini? Lakini mtoto huyo huyo akipelekwa Refo kwa kosa, hakuna anayeuliza. Aliyetoroka ni aibu ya kituo. Mhalifu ni kazi nzuri ya kituo! Kumbukeni hilo, kwa sababu kila mvulana aliyekuwa ndani ya waya ule alikuwa ametoka Batibuluu. Kila mmoja.

"Lakini wewe una miaka kumi na tatu," Zubeida akasema. "Sheria inasema asiyefika kumi na sita lori halimchukui. Vita ilipoanza ulikuwa hujang'oa hata jino. Juiza anayeamua kesi hakukuuliza?"

"Aliniuliza asubuhi."

"Ukasemaje?"

"Aliniuliza kama mimi ni mtoto. Nikasema mimi si mtoto."

"Ulisema nini?"

"Ningesema nini, shangazi? Wenzangu wote walikuwa wanasikia! Aliyetoka kumbini akijiita mtoto, kiapo kinamrudi. Anaoza."

Babu zetu walituhadithia jinsi sipai, askari wa Mreno, alivyokuwa akiinua mkono wa kijana na kumchungulia kwapani. Akiona unywele mmoja, basi, mtu mzima huyo, apelekwe chibalo, kazi ya shuruti, akavunje mawe. Mreno alikwenda zake. Kumbe kazi ya kuwakomaza watoto wetu kwa lazima ilipata warithi, na safari hii hawana haja hata ya kuchungulia. Wamemfundisha mtoto aseme mwenyewe.

"Mliingia kumbini lini?"

"Wakati wa mvua kubwa."

Zubeida alidhani hakusikia vizuri. "Mvua?"

"Tulilala majini, shangazi. Makuti yalivuja. Wenzetu wengine vidonda vilichelewa kukauka."

"Masika? Mlitiwa jando masika?"

"Ndiyo."

"Na nani aliacha chumvi kwa ajili yako?"

Kijana akainamisha kichwa. "Mimi nilijua umekufa."

Hapo damu ya Zubeida ilichemka. Muulizeni bibi yeyote kuanzia Palma hadi Macomia, wa pwani au wa bara: jando ni kiangazi. Mahindi yako ghalani, ardhi kavu, kidonda kinapona. Na mvulana akiwa ndani, lazima awepo mwanamke nje anayemshikia miko. Mama, shangazi au dada. Hali chumvi, haruki moto, halali na mume, mpaka mtoto atoke. Kijana asiye na mtu wa nje haingizwi kumbini hata siku moja.

Nani basi aliwatia jando watoto wa serikali, katikati ya mvua, mwezi wa njaa, bila mama hata mmoja kuambiwa? Na alikuwa na haraka ya nini?

Zubeida akamwendea Suleimane.

"Kaka, nipe kikapu changu."

"Shika. Mpe chakula haraka, shemeji. Lori liko njiani."

"Ulijuaje yuko hapa?"

"Mimi mlinzi. Nasikia mambo."

"Ulijua kwa sababu ulimleta wewe! Ulimwambia nimekufa, ukamtia jando la mvua."

Suleimane akatazama huku na huku. "Mambo ya kumbini hayaulizwi na mwanamke."

"Na mvua nayo ni siri ya wanaume? Hata mimi iliniangukia!"

"Shemeji, punguza sauti."

"Siyo shemeji yako mimi."

Suleimane akamsogelea karibu, na sauti yake ikabadilika. Haikuwa tena sauti ya mtu mpole, wala ya mtu mbaya. Ilikuwa ya mtu anayeogopa. "Nimekuleta umuage, dada. Hilo tu ndilo nililoweza. Usinitake zaidi, utaniulia mtu."

"Mtu gani?"

Kutoka barabara kuu ikasikika honi ya lori.

Zubeida hakungoja. Alitupa kikapu, akakimbilia barazani kwenye ghala, ambako juiza alikuwa ameweka meza. Polisi mmoja mtu mzima, mwenye mvi kwenye masharubu, akamkinga kwenye ngazi.

"Mama, hapa si sokoni."

"Najua. Sokoni wanapima kwanza ndipo wauze. Nipishe!"

Watu waliokuwa barazani wakaangua kicheko, na kabla polisi hajajua acheke au akasirike, mwanamke alikuwa amekwisha pita chini ya kwapa lake.

Mezani alikaa Doutora Luzia, juiza, mzaliwa wa Mueda, anayekuja Mnunguni kusikiliza kesi kwa gari jeupe lenye dereva. Kando yake, amekunja nne, alikaa senhor Ricardo, diretor wa Batibuluu. Mnamjua. Manukato yake yanafika kabla yake.

"Doutora," Zubeida akasema akihema, "huyu mliyemwandika Rachide ni mtoto wa kaka yangu. Ana miaka kumi na tatu."

Ricardo akatabasamu. "Ah, mama wa Ijumaa! Doutora, huyu tunamfahamu. Kila wiki yuko getini kwetu. Safari zote alikuwa anamtaka mtu anaitwa Sufo. Leo amempata Rachide, kesho sijui atamtaka nani. Mama, una karatasi ya kuzaliwa ya mtoto?"

"Iliungua na nyumba. Nyumba iliungua na kaka yangu. Na wewe ya kwako iko wapi, iliyokuambia ana kumi na sita?"

Tabasamu likapungua kidogo.

Doutora Luzia akainua mkono. "Mama, tulia. Mimi sikumsikiliza diretor peke yake. Nilimwuliza kijana mwenyewe kama ametoka jandoni, akasema ndiyo. Nikamwuliza kama ni mtoto, akakataa. Sikumlazimisha."

"Muulize tena, mimi nikiwepo."

Juiza akamwashiria polisi. "Mlete."

Akaletwa. Mikono imefungwa kwa kamba ya katani mbele. Wenzake wakabanana kwenye waya kutazama. Lori lilikuwa limeingia uwanjani, na dereva wake hakuzima injini.

"Rachide," juiza akasema kwa upole, "huyu ni shangazi yako?"

"Ndiyo, Doutora."

"Anasema wewe bado mtoto. Ni kweli?"

Zubeida akaomba kimoyomoyo. Sema, baba. Sema neno moja tu, ulale nyumbani leo.

Kijana alimtazama shangazi yake. Akawatazama wenzake. Akamtazama Suleimane, aliyekuwa amejibanza kwenye nguzo ya baraza.

"Mimi si mtoto," akasema.

Ricardo akapiga makofi mara moja, akainuka. "Limekwisha! Mama amesikia kwa masikio yake. Pandisheni hao, njia ni mbaya na giza likiwakuta huko hatutaelewana."

Polisi akamshika kijana bega. Kijana hakugoma. Akaanza kutembea kuelekea lori, kifua mbele.

Na hapo Zubeida akafanya jambo ambalo mwanamke wa pwani halifanyi. Akajifunga kanga kiunoni, akaita kwa sauti yake yote:

"Sufo! Sufo mkojozi wa mkeka! Sufo uliyekuwa unalala umeshika sikio langu! Rudi hapa!"

Baraza zima likaguna. Mzee mmoja akasema "Astaghfirullah." Kwenye waya wavulana walirudi nyuma kana kwamba wamemwagiwa maji ya moto.

Kijana akageuka. Akamrukia shangazi yake, ngumi mbili zilizofungwa pamoja zikiwa juu ya kichwa. "Nyamaza! Nyamaza! Unaniua, shangazi!"

"Nipige."

Mikono ikabaki hewani. Kisha ikashuka polepole, na mtu mzima yule wa miaka kumi na sita akaanza kulia kwa kwikwi, kamasi zinamtoka, anajifuta kwa kamba.

Zubeida akamvuta kifuani, macho yake yakiwa kwa juiza. "Doutora, wewe umezaliwa Mueda. Kaka zako walipoingia kumbini, mama yako aliacha chumvi wakati gani?"

"Hilo halihusiani na kesi," Ricardo akasema.

"Sikukuuliza wewe, baba manukato. Mama yake hakuwa wewe."

Doutora Luzia akavua miwani. "Kiangazi," akasema. "Baada ya mavuno. Kwa nini?"

"Basi muulize huyu mwanamume wenu aliingia lini."

Juiza akamgeukia kijana. "Uliingia lini?"

"Masika," akajibu kati ya kwikwi.

"Masika yapi?"

"Haya yaliyopita."

Kalamu ya Doutora ikalala mezani. "Nani alikushikia miko?"

"Hakuna."

"Ngoma iliyowatoa ilipigwa na nani?"

"Hapakuwa na ngoma. Bwana Suleimane alipiga ndoo."

"Na mlipotoka, akina mama waliwapokea wapi?"

"Hatukupokewa. Diretor alitupiga picha, tukarudi kulala."

Hakuna aliyecheka. Ricardo alikuwa ametoa leso, anafuta kitu ambacho hakikuwapo kwenye mkono wa shati lake.

"Utamaduni, Doutora," akasema. "Watoto hawa hawana ukoo. Kituo kilijitahidi kuwapa mila zao. Mnatulaumu tusipowapa, mnatulaumu tukiwapa."

Kabla juiza hajajibu, sauti nyingine ikaingia, nzito. Ilikuwa ya yule polisi wa masharubu, aliyemzuia Zubeida ngazini.

"Doutora, niruhusu. Mimi nimepita kumbini, na wanangu watatu wamepita. Jando la masika hakuna. Sijawahi kulisikia tangu nizaliwe." Akateremka ngazi, akaenda mpaka kwenye waya, akawatazama wavulana mmoja mmoja. "Wanangu, nisikilizeni mimi mwanamume. Hamkutiwa jando nyinyi. Mlikatwa tu. Hamkuapa kitu. Majina yenu hayakuungua."

Injini ya lori ilikuwa inanguruma peke yake.

Kijana akainua uso kutoka kifuani kwa shangazi yake. "Kwa hiyo mimi bado Sufo?"

"Bado," polisi akasema.

"Sitaoza?"

"Nani akuoze? Utaoga, ndiyo. Unanuka."

Kijana akavuta kamasi, akasimama sawasawa mbele ya meza. "Doutora, mimi Sufo wa Momade, wa Mucojo. Mimi mtoto. Na nina njaa."

Kumbe alikuwa amefungua bwawa! Kutoka kwenye waya, mwingine akapaza sauti: "Mimi Dário!" Mwingine akamsukuma: "Mimi Chaquir, nina kumi na mbili!" Majina yakarukiana, majina ya utotoni, ya kuitwa kula na ya kuitwa kuoga, mpaka juiza akawa hawezi kuandika, akaacha kuandika. Mdogo wao kuliko wote alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili, anatazama wenzake wakipiga kelele.

"Na wewe?" Zubeida akamwuliza.

"Mimi la kwangu nimelisahau," akasema.

Doutora Luzia akasimama. Uso wake haukuwa ule wa asubuhi.

"Lori lirudi tupu. Hakuna mtoto anayepanda leo. Mfungueni huyu kamba, aende na shangazi yake."

Vigelegele! Zubeida mwenyewe hakupiga. Alikuwa anapambana na fundo la kamba kwa meno.

Ricardo akainama sikioni kwa juiza, lakini kwa sauti ambayo meza nzima ilisikia. "Doutora, fikiria vizuri. Simu moja tu nikiipiga, na wewe hutakaa tena kwenye meza hiyo."

"Piga."

Mkono wake ukaenda mfukoni. Ukabaki humo humo. Na cha kushangaza, hakumtazama juiza. Alitazama uwanjani, haraka, kama mtu anayeomba ruhusa.

Doutora hakuliona hilo. Zubeida aliliona.

"Suleimane," juiza akaita. "Njoo hapa. Nani alikuagiza uwatie watoto hawa jando?"

Mlinzi alitoka nyuma ya nguzo. Alipiga hatua chache, akaketi chini kwenye vumbi mbele ya watu wote.

"Wa kwanza hakuwa mmoja wa hawa," akasema. "Wa kwanza kupewa jina alikuwa Sualehe. Mwanangu. Mwanangu wa kumzaa! Wanaye tangu masika ya mwaka juzi. Kila nikiwakamilishia kundi, wananiruhusu nimsikie kwenye simu. Nikikataa, simu hailii."

Zubeida akaacha kamba. Kumbe huyo ndiye mtu ambaye Suleimane alisema atauawa.

"Nani wanaye?" juiza akauliza. "Diretor?"

Ricardo alikuwa ameshageuka rangi ya majivu. "Mimi? Muulizeni! Muulizeni kama ni mimi!"

Suleimane akatikisa kichwa. "Huyu anatumwa tu."

"Basi nani? Nionyeshe."

Kidole cha mlinzi kikainuka. Kikampita Ricardo. Kikawapita polisi. Kikalipita lori. Kikasimama kwenye gari jeupe lililoegeshwa kivulini, lenye bendera ndogo mbele.

Gari alilokuja nalo Doutora Luzia mwenyewe.

Ndani yake, dereva ambaye juiza alimwacha akisinzia tangu asubuhi hakuwa amelala. Alikuwa na simu sikioni. Alipoona baraza zima limemgeukia, hakushtuka. Akaiweka simu kwenye spika, akapandisha kioo, taratibu, na kutoka kwenye simu ile, kabla kioo hakijafunga, wote wakasikia sauti ya mvulana ikiita, "Baba?"